Mstari Uliokwepa Nyumba

6 Mei

Mwanangu,

Hamjambo huko? Mumeo bado anapangiwa zamu za hospitali zisizo na kichwa wala miguu? Na mjukuu wangu, lile jino lililokuwa likicheza limeng'oka au bado analibembeleza? Mwambie bibi yake naye ana jino linalocheza, tuone nani atatangulia.

Sisi huku hatujambo. Goti langu ni lile lile, halipungui wala haliongezeki. Binamu yako amepata leseni ya lori na sasa anapiga honi kwa mdomo hata akitembea kwa miguu.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu simu yangu imekufa. Ililowa. Hapo ndipo inapoanza habari yenyewe, ambayo najua umeshaisikia nusu nusu. Mto uliingia mtaani tarehe kumi na nane mwezi uliopita, saa nne asubuhi. Tulikuwa macho, na hilo nalishukuru mpaka leo, maana hatukuzika mtu. Kwangu maji yalifika usawa wa dirisha. Kwenye vile vyumba kumi na viwili vya kupanga, nyuma ya nyumba, yalipita dirisha. Cherehani ilikunywa tope siku mbili nzima. Nimeifungua, nimeifuta, nimeitia mafuta, sasa inashona huku ikikohoa.

Hii ni mara ya tatu ndani ya miaka sita. Zamani mvua za namna hii alizisimulia babu yako tu, tena tukidhani anaongeza chumvi. Wenye nyumba wote tisa walikuja kukaa barazani kwangu, viti vikiwa bado vinanuka tope. Ofisi ya mji imetupa njia mbili: ama tujenge ukuta kando ya mto, ama tuhamishwe wote nje ya mji, kule kusiko na shule wala mteja. Ukuta tulishajenga, ukaanguka. Kuhama hatutaki. Mwenyekiti wetu, yule fundi mwashi anayeongea kama anaita mtu wa ng'ambo, akanigeukia. "Wewe si ulisomesha mhandisi wa maji?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Sasa tunangoja nini?"

Basi nakuomba utuchoree. Hatuna cha kukupa zaidi ya asante.

Shangazi yako


24 Mei

Shangazi yangu, shikamoo.

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama kwenye ngazi za posta, watu wakinipita huku na huku, kisha nikairudia nyumbani. Jino limeng'oka. Mwenyewe amelifunga kwenye karatasi na kila mgeni lazima alione, hata yule msoma mita. Mume wangu yuko zamu ya mchana wiki hii, kwa hiyo tunaonana kama watu wanaofahamiana.

Umeniandikia kwamba simu ililowa, cherehani ikalowa, na viti vinanuka. Hukuniandikia wewe ulitokaje. Kwa goti lile, na maji usawa wa dirisha. Nijibu hilo kabla ya mengine yote.

Halafu hiyo habari ya kwamba huna cha kunipa imenichekesha peke yangu. Baba alipofariki nilikuja kwako na mfuko mmoja wa nguo, nusu yake si zangu. Ulishona sare za watoto wa watu ili mimi nivae ya kwangu. Kalamu hii ninayochorea ni ya ofisi, ila mkono unaoishika umelelewa kwako. Nitachora, na nitachora kwa moyo wote.

Fikira yangu ni hii. Kupigana na mto huo hatutaweza. Mvua zimebadilika na hazitarudi zilivyokuwa. Maji yakija kwa wingi yanahitaji mahali pa kukaa siku mbili tatu mpaka mto upungue. Tukichimba bwawa pana lisilo na kina kirefu, tukapanda matete na mianzi kingoni ili udongo ushikane, wakati wa mafuriko litapokea maji na wakati wa kiangazi mtalima mboga humo humo, kwenye tope jipya lenye rutuba. Lakini nahitaji vipimo. Kila ukuta una alama ya tope, nipimieni urefu wake kutoka chini. Nipimieni upana wa mto sehemu tano. Na uniandikie ni watu wangapi wanaishi mtaani.

Nasubiri, na nasubiri hasa lile jibu la kwanza.

Mwanao


15 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Mpongeze mjukuu wangu, amenishinda.

Vipimo hivi hapa, kurasa mbili. Nimepima kwa futi yangu ya nguo, sasa usishangae kuona mto umeandikwa kama kiuno cha bibi harusi. Tulifunga futi kwenye kamba, kamba tukaigawa kwa mafundo. Dobi alivuka hadi upande wa pili na kushika ile ncha nyingine. Humjui. Ni mama mmoja anayefulia watu nguo, mpangaji wangu wa chumba namba nne, alikuja baada ya wewe kuondoka. Yeye mto anaujua kama mimi ninavyojua kitambaa. Alituonyesha mahali ambapo maji huanza kupanda kabla hayajaonekana kwingine, nami nimepawekea alama ya msalaba kwenye karatasi.

Mtaa una nyumba tisa.

Mwenyekiti anakusalimu. Amefurahi sana habari ya bwawa, ingawa alipenda zaidi ukuta, kwa kuwa kuta ndiyo kazi yake.

Mambo mengine mazuri tu. Tunashukuru kwa kila kitu.

Shangazi yako


10 Julai

Shangazi, shikamoo.

Pole na mafua, binamu ameniambia. Sisi wazima. Mtoto ameanza kusoma maandishi ya maboksi ya dawa kwa sauti, baba yake anajivuna.

Mchoro uko ndani ya bahasha hii, umekunjwa mara nne. Eneo la buluu ndilo bwawa. Mistari ya kijani ni matete na mianzi. Lile duara kubwa kwenye kona ni shimo la mbolea, la kuwekea maganda na majani yote ya sokoni badala ya kuyatupa mtoni. Kila mwenye nyumba atatoa kipande cha uwanja wake wa nyuma, hakuna atakayetoa zaidi ya mwenzake. Nimepiga hesabu kwa mvua kama ile ya Aprili. Linatosha.

Bado hujanijibu ulitokaje.

Nina haraka kidogo, nisamehe.

Mwanao


25 Agosti

Shangazi yangu, shikamoo.

Wiki sita zimepita. Binamu anasema unaendelea vizuri, unashona, unakula, na ukiulizwa habari ya mchoro unabadilisha mazungumzo. Nimeuliza posta, wakaniambia bahasha ilipokelewa na kusainiwa.

Kama mchoro haueleweki, niambie. Kama mkutano umeukataa, pia niambie, sitaumia. Nikikaa kimya nawe ukikaa kimya naanza kuwaza mambo.

Hatujambo. Mtoto anakuulizia.

Mwanao


9 Septemba

Mwanangu,

Marahaba. Mafua yaliisha siku nyingi, na hukunikosea kwa kuuliza. Nimechelewa kwa sababu kulikuwa na jambo nilitakiwa kulisema, na kila nikishika kalamu naishia kuandika salamu.

Mchoro wako ulipofika tulienda kuupanga ardhini. Mwenyekiti alileta vigingi, mimi nikaleta kamba, Dobi akaleta majivu ya kuchorea. Tulifuata mstari wako wa buluu hatua kwa hatua. Ulitoka mtoni umenyooka vizuri, ukaja, ukaja, ukafika karibu na nyumba yangu, ukapinda. Ukaizunguka nyumba yote kama mtu anayepita kando ya mgonjwa aliyelala, halafu ukarudi kwenye njia yake.

Mwenyekiti akasema, "Mhandisi ana sababu zake." Dobi alingoja mpaka mwenyekiti akaondoka. Akasimama kwenye pindo lile, akatazama mtoni, akatazama vyumba vya kupanga kule chini. Akaniuliza kwa upole kabisa, "Mama, maji yakija kwa kasi yakafika hapa, yatapinda kama kamba, au yatakuja kwangu?"

Nikamjibu kwamba wewe umesomea. Nilimjibu kwa ukali. Naye akachukua ndoo yake ya majivu akaenda zake.

Mwanangu, nimekata vitambaa miaka arobaini. Mkasi ukipinda pasipo sababu, mimi huwa najua fundi alikuwa anakwepa doa. Nimeuweka mchoro wako mezani mwezi mzima nikitafuta sababu ya pindo lile, na sababu niliyoiona ni moja tu. Unanipenda. Nakushukuru kwa kunipenda. Sasa niambie ukweli: mstari ungenyooka, ungepita wapi?

Na kwa kuwa naomba ukweli, na mimi nilipe wa kwangu. Umeniuliza mara tatu nilitokaje. Nilikuwa nimepanda juu ya meza ya kukatia, maji yamefika kwenye mbao zake, goti limekataa kabisa kushuka. Dobi alikuwa ameshawafikisha watoto wake barabarani juu, salama. Akarudi. Aliingia kwa dirisha, maji kifuani, akanigeuzia mgongo akasema, "Panda, mama, tutasalimiana baadaye." Nikapanda. Mimi, na uzito huu.

Wiki moja kabla ya hapo nilikuwa nimemwambia atafute chumba kwingine, eti maji yake ya kufulia yanaharibu ua wangu.

Na kile kikao cha barazani nilichokuandikia mwezi wa tano, Dobi alikuja. Alisimama kwenye ngazi akauliza kama na wapangaji wanaruhusiwa. Mwenyekiti akamwambia ni kikao cha wenye nyumba. Nilikuwa hapo hapo, hatua tatu kutoka kwake. Nikatazama kikombe changu cha chai.

Uliniuliza ni watu wangapi wanaishi mtaani, nikakujibu nyumba tisa. Watu tuko themanini na mmoja. Wapangaji watu wazima ni arobaini na watatu. Nimewahesabu leo, mlango kwa mlango, na kwa kila mlango nimesalimia.

Shangazi yako


22 Septemba

Shangazi yangu, shikamoo.

Leo sina salamu ndefu. Tuko wazima, namshukuru Mungu.

Ungepita sebuleni kwako. Ungeingia kwa mlango wa mbele, ukapita chumba cha kushonea, ukatokea kile chumba nilicholala mimi. Nyumba yako imesimama mahali ambapo zamani mto ulikuwa ukipita, ndiyo maana kisima chako hakikauki. Bwawa lisipofika hapo linapungukiwa theluthi nzima, na maji yanayozidi yanaanguka moja kwa moja kwenye vyumba vya kupanga. Si kila mwaka. Kwa mvua hizi za sasa, labda mara moja kila miaka mitano.

Sikukosea hesabu. Ningekosea hesabu ningekuwa na nafuu. Nilipiga hesabu vizuri, nikaona jibu, nikachora lingine. Nilijua vyumba vile vipo. Nimekua nikianika nguo mbele ya milango yake. Uliponiandikia "nyumba tisa" nilijua jibu halijakamilika, na badala ya kukuuliza tena nikaona limenirahisishia kazi. Kazini nikimwona kijana amechora hivyo namrudishia karatasi na sitamsifu tena mwaka mzima. Lakini kila nikifika kwenye nyumba ile, mkono ulikuwa unapinda wenyewe.

Namshukuru Dobi kwa kukutoa. Sijui nimshukuru vipi mtu aliyekubeba, kisha nikamchorea maji mlangoni pake. Mwambie maneno haya haya, usiyalainishe.

Mchoro wa pili uko humu ndani. Mstari umenyooka. Sijaandika mnapaswa kufanya nini. Hiyo si kazi ya mchoraji, ni ya watu themanini na mmoja. Ukiamua kutoutumia, nitakuelewa, na tutatafuta jinsi ya kuwahamisha wapangaji kwanza kabla ya kitu kingine chochote.

Nisamehe.

Mwanao


3 Novemba

Mwanangu,

Marahaba, tena marahaba kubwa. Nimekusamehe kabla sijamaliza ukurasa. Dobi nilimsomea barua yako neno kwa neno, amekaa juu ya beseni lililofunikwa, mikono ina sabuni. Alipangusa sabuni kwenye kanga. Kisha akasema, "Angalau huyu amekiri. Mwambie aje anifulie siku moja, yaishe." Kwa hiyo ujiandae.

Sasa nikueleze mkutano ulivyokuwa, maana ni wa kusimuliwa.

Kwanza alikuja afisa ardhi kutoka ofisi ya mji, mama mmoja kijana, mpole, viatu vimejaa vumbi kwa sababu alitembea mtaa mzima kabla hajaketi. Nilimwonyesha michoro yote miwili. Akasema ile karakana ya zamani ya mabasi, kule juu kwenye mwinuko, imekaa na magugu miaka na miaka. Ofisi inaweza kuutoa uwanja ule kwa ajili ya makazi. "Lakini tutautoa kwa mtaa," akasema, "si kwa watu tisa. Nileteeni sahihi ya kila mtu mzima anayelala hapa."

Tukaitana wote. Baraza langu halikutosha, tukakaa barabarani. Mwenyekiti akaeleza kwamba wenye nyumba watatoa ardhi, kwa hiyo wenye nyumba ndio watakaopewa nafasi kule juu, na wapangaji wasaini kusaidia. Dobi akasimama.

"Mimi sina ardhi ya kutoa," akasema. "Nina miaka kumi na moja ya kuingia mto huo mpaka magotini kila siku ya kazi. Vipimo mnavyovisifu, mimi ndiye niliyeshika kamba upande wa pili. Tutasaini. Ila hatusaini ili ninyi mpande juu, sisi tubaki huku chini kuchunga matete."

Mwenyekiti akasema mpangaji leo yupo, kesho hayupo.

"Mwenyekiti," Dobi akamjibu, "ukuta wako haupo. Mimi nipo."

Watu walicheka, mwanangu, mpaka mwenyekiti mwenyewe akashika kiuno akacheka. Nafikiri kicheko kile ndicho kilichotuokoa, kwa sababu baada yake watu walianza kuongea kama majirani. Waliongea saa tatu. Mzee mmoja mwenye nyumba akasema wazi kwamba anaogopa, tangu kuzaliwa hajawahi kuwa na kitu kingine zaidi ya kile kiwanja chake. Mpangaji mmoja akasema yeye amekuwa akiogopa hivyo hivyo kila mwisho wa mwezi. Sijawahi kuona watu wawili wakielewana haraka namna ile.

Ndipo nikasimama. Nilikuwa nimejiandaa na maneno mengi, yakapotea. Nikasema nyumba yangu naitoa, na vile vyumba kumi na viwili pia, mstari upite ulivyonyooka. Nikasema sitaki kupewa zaidi ya chumba na nafasi ya cherehani, mradi kila niliyempangisha apate mlango wake kule juu. Kisha nikamwambia Dobi, mbele ya watu wote, kwamba alinibeba siku ya mafuriko na sikuwahi kumshukuru, na kwamba siku aliposimama kwenye ngazi zangu nilimwona nikajifanya sikumwona. Akaniambia, "Kaa, mama, goti lako."

Tumekubaliana hivi: uwanja wa juu utakuwa na hati moja yenye majina ya watu wazima wote, na hakuna atakayeuza peke yake. Bwawa na bustani zake ni mali ya mtaa. Wenye nyumba wanane waliobaki wanatoa vipande vya viwanja vyao vya nyuma kama ulivyochora, na nyumba zao zitabaki. Wawili kati yao wamenuna bado, lakini wamesaini. Afisa alipoona karatasi ya sahihi alisema hajawahi kupokea iliyojaa namna hiyo, ingawa baadhi ya sahihi ni alama za vidole gumba tu.

Sitakudanganya kwamba sikulia. Nililia jikoni, nikiwa na kitunguu mkononi ili nikiulizwa niwe na jibu.

Nyumba tutaivunja kwa mikono, taratibu, ili tofali, milango na mabati yapande juu yakajenge upya. Tutaanza Desemba. Usije kuona.

Shangazi yako


20 Januari

Shangazi yangu, shikamoo.

Tumefika salama. Mtoto alilala njia nzima na kuamka anauliza tutarudi lini kwa bibi.

Uliniambia nisije, nami nikaja, na mpaka leo hujanigombeza, kwa hiyo nakushukuru kwa hilo kwanza. Nilidhani nakuja msibani. Nikakukuta umekaa kwenye kiti katikati ya ua, futi shingoni, unatoa amri kama jemadari, na watu hamsini wanakutii. Watoto wanakwangua tofali. Mwenyekiti anashusha fremu za madirisha kana kwamba ni za kioo. Mume wangu, ambaye nyumbani hawezi kupigilia msumari, alibeba mabati siku nne na kuviringisha bendeji kwenye vidole vya mtaa mzima.

Na nilifua. Umeona mwenyewe. Dobi alinikalisha mbele ya beseni, akanipa mashuka ya nyumba ya wageni, akasimama nyuma yangu akikosoa. Nilipomwambia samahani, akasema mashuka hayatakati kwa samahani, sugua. Tulipomaliza alinionyesha sehemu kingoni ambapo mianzi isingeshika kwa sababu udongo chini yake ni mchanga mtupu. Sikulijua hilo. Nimeshaurekebisha mchoro, nakala hii hapa, na pale chini kwenye nafasi ya mchoraji nimeandika watu wawili.

Siku ya mwisho, ukuta wa chumba changu uliposhuka, ulinishika mkono mpaka vumbi likatua. Ninalotaka kusema ni hili. Ulinipa nyumba hiyo mara moja nilipokuwa na miaka saba. Kuwapa watu themanini nyumba ile ile ni jambo ambalo sikujua linawezekana. Asante kwa kuniruhusu kuliona, hata kama hukuniruhusu.

Mwanao


12 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Natumaini mumeo amepona mgongo, na mjukuu wangu hajasahau shairi alilonikariria.

Nakuandikia kutoka juu. Nina chumba namba saba, dirisha linatazama bondeni. Cherehani iko mlangoni penye mwanga. Dobi yuko namba nane, na maji yake ya kufulia sasa yanapita kwenye mfereji wa changarawe kisha yanamwagilia migomba, wala hakuna anayelalamika, mimi wa kwanza. Mabati ya nyumba yangu yako juu ya vyumba vitatu tofauti, yanakusanya maji ya mvua kwenye matangi. Kila nikipita chini yake nayajua kwa kutu. Bado tuna ya kugombania. Zamu ya shimo la mbolea inasumbua, na wale wawili walionuna wamebaki mmoja. Vyumba vitano havijapakwa rangi. Mwenyekiti anajenga vizuri lakini anasahau madirisha.

Mvua kubwa imekuja. Ilianza Jumanne asubuhi na haikupumzika hadi Alhamisi. Afisa ardhi anasema maji yaliyoshuka ni mengi kuliko ya mwaka jana. Jumatano saa sita mchana tulisimama wote ukingoni juu, wengine na miavuli, wengine na mifuko kichwani. Mto ulipanda. Ukafika pale Dobi alipokuonyesha, ukaingia bwawani kwa upole, kama mtu anayejua mlango. Matete yakalala, kisha yakainuka. Maji yakasogea, yakafunika bustani, yakafika mahali palipokuwa baraza langu, jikoni kwangu, chumbani kwako. Watu walikuwa wananitazama kwa wizi. Nilingoja nilie. Mara bata wa jirani wakatoka kwenye mianzi, sita, wamepangana, wakaogelea moja kwa moja katikati ya sebule yangu. Nikamwambia Dobi, "Hata hodi hawakupiga." Akacheka mpaka akaniegemea.

Maji yakafika kwenye kigingi cha mwisho cha mchoro wako, yakasimama. Tulikaa saa nzima tukiyatazama yamesimama. Nyumba nane zilizobaki chini hazikuingiwa hata na tone. Mwenyekiti alivua kofia, akasema jambo ambalo sikulisikia vizuri, na kwa sauti yake ile ina maana alilisema kwa siri.

Nawashukuru watu wengi, mwanangu, wewe ukiwa mmoja wao. Umejifunza kwangu kukata kitambaa na mimi nimejifunza kwako kukubali kukatwa.

Lakini ninalotaka ulijue ni dogo. Miaka sita sikuwahi kulala mvua ikinyesha, hata mchana, hata manyunyu. Kazi yangu ilikuwa kukaa mlangoni na kuhesabu ngazi za baraza zilizobaki juu ya maji. Jumatano baada ya chakula nilikaa mlangoni kama kawaida yangu, nikagundua sina cha kuhesabu. Dobi akapita na beseni, akaniuliza nangoja nani.

Basi nikafunga dirisha, nikavua viatu, nikajilaza. Saa tisa alasiri, mvua inapiga bati kwa nguvu zake zote, nililala fofofo.

Shangazi yako